Dakika moja ya kunaswa, saa tatu za kunyamaza

Fundi wetu wa kompyuta aliniuliza swali moja tu: "Ulibonyeza saa ngapi?" Nikamjibu, kama saa sita hivi. Nilidanganya. Nilibonyeza saa nne na dakika kumi asubuhi, na kabla haijafika saa nne na robo nilishajua nimebonyeza pabaya.

Barua pepe yenyewe ilitoka kwa mtu ninayefanya naye kazi, kwa anwani yake halisi. Ilikuja kama jibu ndani ya mazungumzo tuliyoyaanza wiki iliyotangulia. Juu kulikuwa na mstari mmoja: "Nimerekebisha zile hesabu, angalia ukurasa wa tatu kabla ya kikao." Chini yake yalikuwemo maneno yetu wenyewe, nukta kwa nukta. Nilikuwa nimesimama mlangoni, simu mkono huu, makabrasha mkono ule. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye rangi na nembo ninazoziona kila siku, ukaniomba niingie upya. Nikaweka nywila. Ukataka tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu. Nikaziandika. Kisha ukanirudisha kwenye sanduku langu la barua kana kwamba hakuna lililotokea. Hesabu hazikuwepo, wala huo ukurasa wa tatu.

Moyo ulinipiga paa. Unajua ile hali ya kufunga mlango na papo hapo kukumbuka ufunguo umebaki ndani? Ndiyo hiyo, ila nyumba imebaki na mtu mwingine.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Nilikwenda kikaoni. Chini ya meza nikabadilisha nywila, nikajiambia yamekwisha, nikaendelea kutikisa kichwa wenzangu walipokuwa wakizungumza. Sikumwambia mtu. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Saa saba na dakika chache simu ikaita. Alikuwa shangazi yangu, ambaye hata sikukumbuka kwamba anwani yake imo kwenye orodha yangu. "Mwanangu, hii hati uliyonitumia mbona inaniomba nywila? Nimeandika ile ya kwanza imekataa, nikaweka na ile nyingine."

Hapo ndipo nilipoinuka kwenda kwa fundi. Na bado nikamdanganya.

Kumbe nywila niliyoibadilisha chini ya meza haikumfukuza mtu. Katika huduma nyingi za barua, ukishaingia unapewa kibali kinachohifadhiwa na kivinjari ili usiulizwe nywila kila dakika. Mwizi aliingia kwa nywila yangu na zile tarakimu sita, akapewa kibali chake. Kubadilisha nywila bila kuzifunga akaunti zilizokwisha kufunguliwa kwenye vifaa vingine ni kama kubadilisha kitasa huku mgeni amekaa sebuleni. Jambo la kwanza alilofanya huko ndani, kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, lilikuwa kuweka kanuni ndogo: barua yoyote inayoingia yenye maneno kama "utapeli", "wizi" au "umedukuliwa" ipelekwe kwenye folda nisiyoifungua kamwe, ikiwa imeshawekewa alama ya kusomwa. Kwa hiyo walionitahadharisha walinitahadharisha, ila nisione. Mmoja wao aliandika: "Ni wewe kweli uliyetuma hii?" Akajibiwa kwa jina langu: "Ndiyo ni mimi, fungua tu."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Imeandikwa kwa Kiswahili safi.

Zamani Kiswahili ndicho kilichotulinda. Barua za matapeli zilikuja zimetafsiriwa na mashine hadi zinachekesha: "Mpendwa mteja wa thamani, akaunti yako imekuwa ikisimamishwa, tafadhali bofya hapa chini ili kuwa salama." Ngeli zimegongana, vitenzi vimepinda. Ulijua mara moja kwamba aliyeandika hajawahi kusalimiana na mtu kwa lugha hii. Tukazoea kuwaambia wazee wetu watafute makosa ya lugha. Ushauri huo umekufa. Programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili kinachosomeka vizuri, na mwizi aliyemo ndani ya akaunti ya mtu hahitaji hata hizo: anayo mazungumzo yako ya miaka, anajua unamwitaje bosi wako na unaagana vipi na dada yako.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka walionaswa. Kichwani mwangu anayenaswa alikuwa mtu wa aina fulani: mzee, mgeni wa kompyuta, au mwenye tamaa ya urithi wa mfalme asiyemjua. Sikuwa tayari kuingia kwenye kundi hilo.

Miezi kadhaa baadaye nilisoma kisa cha Troy Hunt. Huyu ni Mwaustralia aliyeanzisha Have I Been Pwned mwaka 2013, tovuti ambayo watu duniani kote huitumia kuangalia kama anwani zao zimo kwenye data iliyoibwa. Kazi yake ni haya mambo. Machi 2025 alikuwa London, amechoka kwa safari ndefu ya ndege, akapokea barua iliyojifanya imetoka Mailchimp, huduma aliyoitumia kutuma jarida lake. Ilimwambia kwamba kuna malalamiko na utumaji wake umezuiwa. Hakutishwa sana wala hakuahidiwa mamilioni. Alipewa wasiwasi mdogo tu, wa kutosha. Akaingiza nywila, akaingiza na tarakimu za uthibitisho. Orodha ya wasomaji wake ikapakuliwa papo hapo: anwani takriban 16,000. Kisha akafanya nisichofanya mimi. Akaketi akaandika hadharani kilichotokea, hatua kwa hatua, pamoja na kosa lililomuuma kuliko yote: programu yake ya kutunza nywila ilikataa kujaza nywila kwenye ukurasa ule, naye akapuuza.

Kukataa huko kunastahili maelezo, maana ndani yake mna kinga kubwa kuliko macho makali.

Barua pepe tangu mwanzo haikuumbwa kumhoji mtu. Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili kwenye mtandao mwaka 1971, na kuichagua ile alama ya @, waliokuwa kwenye mtandao huo walikuwa wachache na wanafahamiana. Kanuni za kusafirisha barua, SMTP, zilipoandikwa mwaka 1982 hazikuwa na njia ya kuthibitisha kwamba aliyejiita fulani ndiye fulani kweli. Ni sawasawa na bahasha ya karatasi: nyuma yake unaweza kuandika jina la mtumaji yeyote umtakaye, na posta itaipeleka. Wizi wenyewe ulianza kupewa jina katikati ya miaka ya 1990, vijana walipokuwa wakijifanya wafanyakazi wa AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, na kuwaomba wateja nywila zao. Jina walilolichagua kwa Kiingereza, phishing, linatokana na uvuvi, wakaligeuza tahajia kidogo. Kwa kweli uvuvi ndio mfano sahihi. Mvuvi hamchukii samaki wala hamjui. Anatupa ndoano elfu na kungoja mwenye njaa saa hiyo.

Viraka vimewekwa. Leo kuna SPF, DKIM na DMARC, mifumo ambayo kazi yake ni kuangalia kama seva, yaani kompyuta iliyotuma barua, imeruhusiwa na mwenye jina, na kama barua haikuchezewa njiani. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi wawe nazo, la sivyo barua zao zikataliwe au zitupwe kwenye taka. Ni jambo jema. Lakini mwizi akinunua jina lake mwenyewe la tovuti linalofanana na la benki, barua yake itapita ukaguzi wote kwa sababu ni kweli imetoka alikosema imetoka. Na ile iliyoninasa mimi ilitoka kwenye akaunti halisi ya mwenzangu. Ingekaguliwa siku nzima isingeonekana na doa.

Basi tunaambiwa: angalia kiungo kabla ya kubonyeza. Sawa, tuangalie. Watu wengi husoma anwani kutoka kushoto, kama tusomavyo kila kitu, na hilo ndilo wezi wanalotegemea. Katika anwani kama benkiyangu.com.hakiki.example/ingia, jicho likikutana na "benkiyangu.com" linaridhika. Mwenye tovuti hiyo, hata hivyo, ni hakiki.example. Tafuta mstari wa mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto: vile vipande viwili vya mwisho, wakati mwingine vitatu, ndivyo vinavyomtaja mwenye nyumba. Vilivyotangulia ni mapambo anayoweza kujiandikia yeyote. Kwenye simu kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa anwani ndefu hukatwa na ya mtumaji hufichwa nyuma ya jina. Tangu siku ile sifungui hati yoyote ya kazi kwa simu nikiwa nimesimama. Inaweza kuonekana sheria ya kitoto, lakini naishika.

Hata hivyo jicho lina mpaka wake. Aprili 2017 mtafiti Xudong Zheng alionyesha tovuti ambayo kwenye baadhi ya vivinjari ilisomeka apple.com, wakati ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kikirili, zile za Kirusi, zinazofanana na zetu. Hakuna miwani itakayokuonyesha tofauti hiyo. Vivinjari vilirekebishwa, ila somo limebaki: kwa kompyuta herufi mbili zinazofanana ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana programu ya kutunza nywila haidanganyiki kwa sura. Haitazami nembo wala rangi. Inauliza tu, "Je, jina hili ndilo lile tulilosajili?" Kama silo, inakaa kimya, haijazi kitu. Binafsi naona huo ukimya ndio kengele bora kuliko zote, na mafunzo mengi ya usalama yanausahau. Siku programu yako inayojaza nywila kila asubuhi ikikataa kujaza, usiinakili nywila kwa mkono. Simama. Wakati mwingine itakuwa tovuti imebadilisha anwani yake kihalali, jambo linalotokea na kuudhi, na ndilo lililotuzoesha kupuuza.

Zile tarakimu sita je? Zina faida, usiziondoe. Zinamzuia aliyeokota nywila yako kwenye data iliyoibwa zamani. Lakini hazimzuii aliyekuwekea ukurasa wa uongo, kwa kuwa anazipokea kwako na kuziingiza kwenye tovuti halisi sekunde hiyohiyo, kabla hazijaisha muda. Kinachomzuia huyo ni ufunguo wa usalama, kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, au ndugu yake mpya, ufunguo wa siri (passkey) unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Hivi vimefungamanishwa na jina halisi la tovuti. Ukiwa kwenye ukurasa bandia huna cha kumpa mwizi hata ukiwa umelewa usingizi. Google walieleza mwaka 2018 kwamba tangu wawape wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 vidude hivyo mwanzoni mwa 2017, hawakuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyethibitika kunaswa kwenye akaunti ya kazi. Wale ni binadamu, wanachoka na wana haraka kama sisi. Walibadilishiwa kufuli tu.

Shangazi yangu naye sasa anautumia huo wa kwenye simu. Anaupenda, kwa sababu hana tena nywila ya kusahau.

Kuna mwingine ambaye huwa namkumbuka. Machi 2016 John Podesta, aliyeongoza kampeni ya Hillary Clinton nchini Marekani, alipokea barua iliyojifanya ni ya Google, ikimwambia kuna mtu ana nywila yake na aibadilishe. Ofisi yake ilifanya vizuri: ikauliza kwa wataalamu wa kompyuta wa kampeni. Jibu likaja kwamba barua hiyo ni halali. Aliyejibu alisema baadaye alikusudia kuandika kinyume chake. Lakini ndani ya jibu hilohilo aliweka anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia nywila. Kilichobonyezwa ni kiungo cha ndani ya barua ya mwizi. Oktoba mwaka huo WikiLeaks, tovuti ya kuchapisha nyaraka za siri, wakaanza kuzichapisha barua za Podesta. Kila nikisoma kisa hicho naona kwamba swali "hii barua ni ya kweli?" linaweza kujibiwa vibaya na mtu mzuri. Kuna swali jingine lisilohitaji jibu la mtu: naweza kufika huko kwa mlango wangu mwenyewe? Kama benki inakuita, ifungue kwa anwani unayoijua. Kama mwenzako amekutumia hati, mpigie. Kama msambazaji anasema amebadilisha akaunti ya malipo, piga namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alizitoza Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100 kati ya 2013 na 2015 kwa ankara bandia na barua zilizojifanya zimetoka kwa kampuni waliyokuwa wakinunua vifaa kwake kweli. Kampuni hizo hazikukosa wataalamu wa kompyuta.

Narudi kwenye kunyamaza kwangu, maana hapo ndipo yangu yalipoharibikia.

Watafiti wa chuo cha ETH Zurich waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15, wakiwatumia barua za hadaa za majaribio. Walichokuta kuhusu mafunzo kinashangaza: yale ya papo hapo, ya kukuonyesha ukurasa wa "umenaswa, soma hapa" baada ya kubonyeza, hayakuwafanya watu wawe imara zaidi. Kilichofanya kazi ni wafanyakazi wenyewe kupewa kitufe cha kuripoti. Wakaripoti mapema, na kwa usahihi wa kutosha kuwa kengele ya kampuni nzima. Yaani mtu wa kwanza kuitambua barua, au wa kwanza kukiri amenaswa, anawaokoa wote ambao bado hawajafungua visanduku vyao. Lakini mtu huyo ataongea tu akijua hatadhalilishwa. Desemba 2020 kampuni ya GoDaddy iliwatumia wafanyakazi wake barua ya kuwaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650. Ilikuwa mtihani, na waliobonyeza wakaambiwa wamefeli na wakafanye mafunzo. Baadaye kampuni iliomba radhi. Sijui ni bosi gani anadhani mtu aliyefanyiwa hivyo atakimbilia ofisini kwake siku atakayonaswa kweli.

Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na jambo dogo kuliko kifo: saa. Kwa kuwa nilisema saa sita, fundi alianza kuchunguza kumbukumbu za mfumo kuanzia saa tano na nusu. Akakuta mwizi yumo tayari, barua zimeshatumwa, kanuni imeshawekwa, wala mlango alioingilia hauonekani. Akahisi kuna akaunti nyingine iliyovunjwa kabla ya yangu. Akaanza kuwaita watu wasio na kosa, mmoja mmoja, awafungie akaunti. Ilichukua karibu saa nzima kabla sijashindwa kuvumilia, nikamwendea na kumwambia ukweli. Hakunifokea. Aliandika "4:10" kwenye karatasi, akaizungushia duara, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Kisha akanipeleka taratibu, na utaratibu huo nimeushika mpaka leo. Tulianza kwa kufunga akaunti kwenye vifaa vyote, ndipo tukabadilisha nywila, tukitumia kompyuta tofauti na simu niliyobonyezea. Tukakagua kanuni za barua na kama kuna anwani ya siri inayopelekewa nakala. Tukaangalia namba ya simu na anwani ya akiba ya kurejeshea akaunti, kwa sababu mwizi mzoefu huacha yake hapo ili arudi baadaye. Tukaondoa programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua zangu, na moja wapo sikuwahi kuiona maishani. Kila mahali nilipokuwa nimetumia nywila ileile, na nakiri palikuwa pengi, nikabadilisha. Mwisho tukatuma ujumbe kwa kila mtu aliyepokea barua kwa jina langu: msibonyeze, na kama mmeshabonyeza nipigieni, sitauliza kwa nini. Watu tisa walipiga simu. Wawili walinong'ona.

Nyumbani nimebadilisha jambo moja tu. Ndugu akinitumia picha ya skrini akiuliza kama ujumbe fulani ni wa kweli, namjibu kwanza "umefanya vizuri kuuliza", hata kama utapeli wenyewe unaonekana toka mbali. Zamani ningesema "hili nalo unaliuliza?", na najua wangapi niliwafunga midomo kwa sentensi hiyo. Mama mdogo ameuliza mara kumi na moja tangu mwaka uanze. Mara tisa zilikuwa barua halali kabisa, na nimejibu zote.

Mwezi uliopita, ofisini, kijana aliyejiunga nasi hivi karibuni alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Jamani, nadhani nimebonyeza kitu." Fundi akainua kichwa na kumuuliza swali lake lilelile.

"Sasa hivi," kijana akasema. "Ukurasa bado uko wazi."